Picha Huita Sarafu ya Kwanza

WAWILI NA POCHI

Kama wewe na mwenzako mmekwaruzana kwa ajili ya hela, msijali. Ukurasa huu ni wenu.

Mwezi huu nina swali la dada mmoja wa Katesh, wilayani Hanang. Yeye ni muuguzi, mchumba wake ni mwalimu upande wa Dongobesh, wilayani Mbulu. Wamejibana mwaka mmoja na nusu mpaka wakafikisha shilingi 2,400,000. Wanataka kufungua saluni ya kinyozi kwenye fremu moja, wamweke kijana wa kuisimamia, na faida iwasogeze kwenye harusi. Mpaka hapo safi kabisa. Kasheshe ikaanzia ukutani.

“Mwenzangu anataka tumpe mchoraji 400,000 atupambie ukuta wote wa mbele pamoja na kibao,” ananiandikia. “Mimi naona hiyo ni kupaka hela rangi. Hiyo hela inanunua mashine nzuri za kunyolea na kiti juu yake. Yeye anasema bila picha hakuna atakayejua kama tupo. Sasa hivi hata simu zetu zimepoa, tunasalimiana kama majirani. Halafu kuna jamaa kamfuata, anataka kutuwekea mashine mbili za dubwi pale barazani tugawane mapato. Anasema zile hazihitaji mchoraji, zinawaka zenyewe. Dada, kati yetu nani yuko sahihi?”

Dada yangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Kuna watu walilihangaikia kwa miaka zaidi ya 60, tena kwa hela nyingi, huko Chicago. Twende huko kidogo, halafu turudi Katesh.

MEZA ILIYOJIUZA YENYEWE

Wengi wetu pinboli tumeiona kwenye sinema tu. Ni meza iliyoinama kidogo, imefunikwa kioo. Ndani yake kigololi cha chuma kinakimbia, kinagonga huku na kule, taa zinawaka, kengele zinalia, na mchezaji anabonyeza vitufe viwili pembeni ili akirushe juu kisitumbukie shimoni. Upande wa mbali, umesimama wima kama ubao wa darasani, kuna kioo kikubwa chenye picha na namba za pointi.

Mambo yalianza kwa udogo. Mwaka 1931, David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball. Ilikaa juu ya kaunta, haikuwa na umeme wala madoido, na bei yake ilikuwa dola 17.50. Marekani ilikuwa kwenye hali mbaya ya uchumi, watu hawana kazi, na mtu aliyekosa vyote aliweza bado kupata senti moja ya kujiliwaza. Ziliuzwa zaidi ya 50,000.

Msambazaji mmoja, Raymond Moloney, alikuwa anashindwa kuzipata za kutosha. Mwaka 1932 akaamua kutengeneza yake. Akaipa jina la jarida la vichekesho lililokuwa linasomwa sana wakati huo, Ballyhoo, na akaipaka rangi zinazopiga kelele. Ikauzwa kwa makumi ya maelfu ndani ya miezi michache. Kampuni yake ikaja kuitwa Bally, na kwa miaka mingi ikawa moja ya majina makubwa kabisa ya pinboli duniani.

Sasa angalia biashara ilivyokuwa imekaa, maana hapa ndipo penye somo. Kiwanda hakikumuuzia mchezaji. Kilimuuzia mtu wa kati, ambaye aliinunua mashine, akaipeleka baa au mgahawani, na mapato wakagawana na mwenye baa. Mchezaji alilipa sarafu moja moja. Kwa hiyo mashine ilisimama kona yenye giza, haina muuzaji wa kuisemea, na ilipaswa kumwita mtu asiyeijua, aliyeingia kunywa tu. Mtu huyo hajui kama mchezo ni mtamu. Hajasoma maelekezo. Kitu pekee alichonacho mbele yake ni picha.

Ndiyo maana viwanda viliajiri wachoraji wa maana. Picha ilichapwa upande wa nyuma wa kioo, rangi moja baada ya nyingine, na sehemu fulani ziliachwa nyepesi ili mwanga wa balbu upenye. Mchana ni picha. Balbu zikiwaka, uso unang’aa. Roy Parker alimchorea Gottlieb kwa miaka mingi, ikiwemo Humpty Dumpty ya mwaka 1947, mashine ya kwanza kuwa na vile vikono vya kurushia kigololi. Na walichora nini? Sarakasi, karata, michezo, muziki, warembo. Yaani vitu ambavyo mteja wa baa alikuwa ameshavipenda kabla hajaingia mlangoni.

Miaka ya 1970 mchezo ukanoga. Mwaka 1976 Bally walitoa Captain Fantastic, yenye picha ya mwanamuziki Elton John iliyochorwa na Dave Christensen, wakauza zaidi ya 16,000. Mwaka uliofuata wakatoa Eight Ball. Pale kiooni kuna kijana mwenye jaketi la ngozi, anafanana sana na nyota wa tamthilia iliyokuwa inatazamwa nchi nzima. Ziliuzwa 20,230. Rekodi hiyo ilikaa miaka 15, mpaka The Addams Family ya mwaka 1992 ilipoipita kwa kuuza 20,270. Tofauti ya mashine 40 tu!

Kwa hiyo shemeji yangu mwalimu ana hoja. Picha huita sarafu ya kwanza, na asiyeiita ya kwanza haioni ya pili.

SARAFU YA PILI INATOKA WAPI?

Polepole lakini, shemeji, usije ukakimbilia kwa mchoraji.

Mwaka 1979 kampuni ya Atari ilitoa pinboli iliyoitwa Hercules. Lilikuwa dude! Kubwa kuliko pinboli zote, na kigololi chake kilikuwa na ukubwa wa ule mpira mweupe wa kwenye pool table. Huwezi kupita ukaacha kuligeukia. Tatizo ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa mzito na wa taratibu. Wapenzi wa pinboli mpaka leo wanaitaja kama mashine ya kuchezwa mara moja kwa kushangaa. Atari yenyewe haikudumu kwenye biashara ya pinboli.

Ilinganishe na ile The Addams Family. Jina la sinema na picha aliyoichora John Youssi vilimleta mtu karibu, hilo halina ubishi. Ila akishatia sarafu, alikuta waigizaji wenyewe wanamsemesha, alikuta milango ya kufungua, kazi za kukamilisha, na kila akishindwa anajua alikosea wapi. Anasema, “Nipe moja tena.” Hapo ndipo penye mkwanja.

Na kuna siku picha zote za Chicago hazikusaidia kitu. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliipiga pinboli marufuku kwa hoja kwamba ni kamari inayokula hela za watoto. Mashine zilivunjwa kwa nyundo hadharani. Marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1976. Iliondokaje? Kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya madiwani acheze. Akawaonyesha kwa kidole kigololi kitapita njia gani, akavuta, na kikapita palepale. Alichokitetea siku ile ni kwamba pinboli ni ujuzi wa mkono na jicho, haitegemei bahati peke yake. Madiwani wakaelewa.

Kwa hiyo dada yangu muuguzi, na wewe una hoja. Mteja harudi kwa ajili ya ukuta. Anarudi kwa sababu mashine haikumng’ata shingoni, taulo ni safi, na kijana ana mkono mwepesi.

HAYA, NA LILE DUBWI?

Hapa nitaongea bila kuzunguka.

Mashine za dubwi nyingi unazoziona kwenye baa na barazani zina picha za matunda: tufaha, chungwa, tikiti. Zina kengele, nyota, namba 77 na neno BAR. Umeshawahi kujiuliza mashine ya kamari na matunda vinahusiana nini?

Kengele inatoka San Francisco, ambako mwishoni mwa karne ya 19 Charles Fey alitengeneza mashine iliyoitwa Liberty Bell, yaani kengele ya uhuru. Matunda yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu nyingi za Marekani zilipoanza kukataza mashine za kulipa fedha, wenye mashine walijifanya wanauza bablishi. Unatia sarafu, unapata bablishi, na picha ya tunda inaonyesha ladha yake. Lile neno BAR nalo linatokana na nembo ya bablishi hizo. Yaani picha zile zilianza kama koti la kuificha kamari. Leo zaidi ya miaka 100 baadaye, koti lilelile linang’aa barazani kwetu, na mtoto akiliona anadhani ni mchezo wa matunda.

Tofauti yake na pinboli ni hii. Kwenye pinboli picha inakuita uje ucheze, na ukicheza sana unakuwa hodari. Kwenye dubwi hakuna uhodari. Mashine imepangwa tangu mwanzo ibakize fungu la mwenyewe. Unaweza kushinda leo, lakini ukikaa nayo mwezi mzima, yenyewe haipati hasara. Taa zile zinaita sarafu ya kwanza, na sarafu ya pili inaitwa na uchungu wa kupoteza ile ya kwanza.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni, na ipo Bodi kwa ajili hiyo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sasa shemeji mwalimu, jiulize. Barazani kwenye saluni watakaa nani mchana? Vijana wanaosubiri kunyolewa, na wengine wamevaa sare za shule. Nani atakayekaa mlangoni kuuliza umri? Kesho utasimama ubaoni ukimfundisha hesabu mtoto ambaye hela yake ya daftari iko kwenye sanduku lako? Katesh na Dongobesh siyo Kariakoo. Watu wanajuana. Jina la mwalimu likishaambatana na dubwi, hakuna mchoraji atakayelisafisha.

Jibu langu kwa yule jamaa ni hapana. Hata akija na leseni mkononi, na hata akitaja mapato ya kuvutia.

WENZETU WA NAIROBI

Mnaosafiri kwenda Nairobi mnazijua nganya, zile matatu zilizochorwa kuanzia taa za mbele mpaka bampa la nyuma, muziki unadunda ile mbaya. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alisimamia kanuni zilizotaka mkanda wa njano ubavuni, mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, na michoro ikafutwa. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, kwa kuwa ile ni kazi yao. Michoro ikarudi kwa kishindo.

Kwa nini mwenye gari anamwaga hela nyingi hivyo kwenye rangi? Kwa sababu vijana wa Nairobi wanaweza kuliacha gari tupu likapita, wakasubiri lililopambwa, tena kwa nauli ya juu kidogo. Ndiyo biashara ileile ya Chicago: kwenye mstari wa magari kumi yanayokwenda njia moja, picha ndiyo inayomfanya abiria anyooshe mguu. Lakini gari likiharibika njiani kila siku, abiria haohao watalikimbia na picha zake.

SASA TURUDI KATESH

Katesh ipo kwenye barabara ya Babati kwenda Singida, chini ya mlima Hanang. Wateja wenu ni wa aina mbili. Wapo wa mjini, watumishi wenzenu na wanafunzi, ambao wataambiana kwa mdomo. Na wapo wa siku ya mnada, wanaoshuka kutoka Basotu, Endasak na vijiji vya mbali, hawamjui mtu, wana saa mbili tatu za kumaliza shida zao. Hao ndio watakaoongozwa na macho. Wengine maandishi hayawasaidii sana, lakini picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri wanaielewa mara moja.

Tena huku kwenu watu wanajua kusoma pambo. Mwanamke wa Kidatoga akipita mnadani na vazi lake la ngozi, shanga na bangili za shaba, anayejua ameshajua mengi kabla hajasalimiwa. Kwa hiyo msimdharau mteja wenu kwa kumchorea sura ya mwanamuziki wa ng’ambo asiyemjua. Wachoraji wa pinboli walichora kile ambacho mteja wao alikipenda tayari. Mwambieni fundi awachoree mlima Hanang, na mbele yake kijana aliyependeza anayefanana na vijana wa Katesh. Mtu wa Basotu atasimama aangalie.

Ila laki nne hapana. Na sababu yangu siyo ubahili. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlimani yalishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na nyumba na biashara zikafukiwa. Nyie mnaoishi huko hamhitaji kukumbushwa na mimi. Lakini mtu anayeanza na akiba ndogo, kwenye fremu ya kupanga, asizike sehemu kubwa ya hela yake kwenye ukuta usio wake. Mwenye fremu akipandisha kodi, mtahama na viti, mashine na kioo. Ukuta utabaki.

Pendekezo langu: mchoraji apewe 150,000. Achore kibao kikubwa cha bati au mbao, kinachofunguliwa na kubebeka, pamoja na sehemu ndogo tu pembeni ya mlango. Hiyo ni sarafu ya kwanza. Ile 250,000 inayobaki iende kwenye sarafu ya pili: mashine ya akiba ya kunyolea yenye betri, kwa siku umeme ukikatika, taulo za kutosha na dawa ya kusafishia vifaa. Dada, wewe ni muuguzi. Usafi wa vifaa kwenye saluni hiyo uwe mkono wako, na wateja wauone ukifanyika mbele yao. Hilo nalo ni tangazo, na hakuna jirani atakayeliiga kirahisi.

Halafu nunueni daftari. Kwa miezi mitatu kijana wenu awe anatia alama kwenye safu mbili: mteja mpya na mteja aliyerudi. Safu ya wapya ikiwa ndefu na ya waliorudi ni fupi, kibao kinafanya kazi na kinyozi hafanyi. Ikiwa kinyume chake, kinyozi ni mzuri ila mtaa haujawajua, basi mwongezeeni mchoraji. Mwisho wa mwezi kaeni wawili, fungueni daftari, msomee mwenzako safu yake. Ubishi wa “mimi nilisema” utaisha wenyewe, maana alama zitakuwa zimeongea.

LA MWISHO, NA LENYE UZITO

Umeniuliza nani yuko sahihi. Nadhani umeshaona kwamba kila mmoja wenu ameshika nusu ya mashine. Mwenzako anaiona biashara kwa macho ya mtu anayepita njiani. Wewe unaiona kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Saluni inawahitaji wote wawili, na hata nyumba mtakayoijenga itawahitaji hivyohivyo. Kinachonitia wasiwasi ni hizo simu zilizopoa. Laki nne zinatafutwa na kupatikana tena. Mkizoea kusalimiana kama majirani kila mnapotofautiana kuhusu hela, hiyo ndiyo hasara msiyoweza kuiandika kwenye daftari.

Mpigie leo. Anza na ile nusu yake ambayo ni kweli: “Mwalimu, kuhusu picha umesema kweli, tunaihitaji.” Halafu mweleze nusu yako. Na dubwi mlikatae pamoja, kwa sauti moja, ili yule jamaa asipate mlango wa kupita katikati yenu.

Na wewe msomaji wangu, kwenye biashara yenu nani anaita sarafu ya kwanza, na nani anaitunza ya pili? Muulize mwenzako usiku wa leo, kisha uniandikie. Tukutane mwezi ujao, hapahapa.